Kabla Kitabu Hakijafunguliwa: Mtumiaji wa Huduma za Afya na Mwanzo wa Utafiti

Mazungumzo na wananchi wa Ikola, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi

 

 Tulipopanga mkutano huu tuliomba uwe katika siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa inapopumzika, ili tusimkose mvuvi wala mwanamke anayeanika dagaa wake mchangani. Jambo tulilolileta linawahusu wote wawili, na linamhusu pia mtoto aliye mgongoni.

Siku moja mtafiti atafika katika kituo mnachotibiwa. Huenda akawa mwanafunzi wa chuo, huenda akawa mtumishi wa taasisi kubwa. Atakuwa na barua, kalamu na kompyuta mpakato, naye ataomba kufungua vitabu ambamo majina yenu yameandikwa. Je, siku hiyo mtafanya nini? Wengi watajibu kwamba hilo ni la mganga mfawidhi. Sisi tunasema ni lenu pia. Mganga ndiye mtunzaji wa vitabu hivyo, lakini habari zilizomo ndani yake ni za miili yenu, ndoa zenu na watoto wenu.

Safari ya hesabu, na jina linalobaki

Watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika wanalijua jina la Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, jirani zenu. Aliishi na kutibu huko kwa miongo mingi, hata akafariki mwaka 1956. Katika zama zile, mgonjwa alimjua tabibu wake kwa sura na kwa tabia. Siri aliyompa iliwekwa mahali alipopajua.

Leo siri hiyo huandikwa, na hakuna budi iandikwe. Kila mnapofika kituoni, mhudumu huingiza habari zenu katika vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la MTUHA. Mgonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5. Mama mjamzito anayeanza kliniki huandikwa katika kitabu namba 6. Akija kujifungua, huandikwa katika kitabu namba 12. Humo hukaa jina, umri, mahali mtu anapoishi, maradhi, vipimo na dawa.

Mwisho wa mwezi wahudumu huhesabu: wagonjwa wangapi wa malaria, wajawazito wangapi, watoto wangapi wamezaliwa. Hesabu hizo hupelekwa halmashauri na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa uitwao DHIS2. Hapo wataalamu wa mkoa na wa wizara huweza kuzisoma pasipo kufika Ikola. Zingatieni jambo hili, maana mazungumzo yetu yote yanasimama juu yake: katika taarifa ile ya mwezi, hesabu ndiyo inayosafiri. Jina hubaki kituoni.

Mtafiti wa taarifa za afya mara nyingi huja kwa sababu hesabu peke yake haimtoshi. Anataka kurudi mahali ambapo jina lilibaki. Kwa hiyo ujio wake si sawa na taarifa ya kila mwezi, na ndiyo maana sheria humtaka apite milango mingi zaidi.

Kwa nini tusifunge mlango

Mtu anaweza kusema: kama ni hivyo, basi asiingie kabisa. Tungewashauri hivyo kama faida ya kumkaribisha ingekuwa yake peke yake. Haiko hivyo.

Tuchukue swali moja ambalo mtafiti angeweza kuanza nalo hapa. Mama ameandikwa katika kitabu namba 6 akiwa na mimba ya miezi minne. Miezi mitano baadaye jina lake halionekani katika kitabu namba 12. Amekwenda wapi? Huenda alijifungulia nyumbani kwa sababu usiku ule hapakuwa na usafiri. Huenda alihama na mumewe kufuata dagaa, akajifungulia Karema, au kaskazini kuelekea Kigoma, au kusini upande wa Rukwa. Huenda alijifungulia hapahapa, lakini mara ya kwanza aliandikwa kwa jina la baba yake na mara ya pili kwa jina la mumewe. Huenda pia alifariki.

Kwa hesabu ya mwezi, akina mama hao wote ni kitu kimoja: pengo kati ya namba mbili. Kwa maisha yao, ni mambo manne yaliyo mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. La kwanza linadai chombo cha usafiri. La pili linadai kadi inayosomeka katika kila mwalo. La tatu linadai utaratibu bora wa kuandika majina. La nne linadai uchunguzi wa haraka. Bila mtu wa kukaa chini na kulinganisha vitabu viwili, halmashauri inaweza kununua dawa ya tatizo ambalo halipo na kuliacha lililopo.

Tena, maombi ya dawa yanayopelekwa Bohari ya Dawa huandaliwa kwa kutazama matumizi yaliyoandikwa. Mgonjwa aliyetibiwa bila kuandikwa huwa ametumia dawa ambayo haionekani kuwa imehitajika. Kijiji kisichohesabiwa vizuri hupungukiwa kimyakimya.

Mfano wa faida hiyo tunao katika mkoa wenu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, kati ya kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kwa Tanzania nzima walikuwa 27. Namba hiyo ilitoka katika vinywa vya wasichana na wanawake waliokubali kuulizwa majumbani mwao. Tangu hapo hakuna anayeweza kuzungumzia afya ya Katavi akaikwepa, na hakuna anayeweza kumtaja hata msichana mmoja aliyejibu. Huo ndio utafiti tunaoutaka: habari itoke, mtu asitoke nayo.

Jina likifutwa, mtu hubaki

Sasa tuseme la hatari, na tuanze na kosa letu wenyewe.

Sisi tunaozungumza nanyi tuliwahi kuwa wanafunzi. Tulipoanza utafiti wetu wa kwanza, katika kituo kimoja kidogo tusichokitaja, tulinakili habari kutoka katika vitabu vya wagonjwa. Tulikuwa waangalifu, au tulijidhania hivyo. Hatukuandika jina la mtu yeyote. Tuliandika umri, jinsi, kitongoji, kazi, tarehe na maradhi. Jioni tukamwonyesha muuguzi karatasi yetu ili atusaidie mwandiko tulioshindwa kuusoma. Alipitisha kidole juu ya mistari, akaanza kutaja watu: huyu ni fulani, huyu ni binti wa fulani, huyu alikwisha kuhama. Katika mistari 20 hakukosa hata mmoja.

Muuguzi yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametuonyesha jambo ambalo darasani tulilisoma bila kulielewa. Mjini, kusema "mwanamke wa miaka 34, mfanyabiashara" ni kumficha mtu katikati ya maelfu. Katika kijiji cha ufukweni, kusema "mwanamke wa miaka 34, ana duka karibu na mwalo, alipimwa mwezi wa tatu" ni sawa na kulitangaza jina lake kwa kipaza sauti. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kijijini kata ni nyingi, na kila mtu amewahi kuchota.

Tulizichoma karatasi zile, tukaanza upya. Umri tukauweka kwa makundi ya miaka mitano. Kitongoji tukakiacha. Tarehe tukaigeuza kuwa robo ya mwaka. Kazi hatukuiandika, kwa sababu swali letu halikuihitaji. Utafiti haukupungua chochote. Kilichopungua ni hatari tuliyokuwa tumewabebesha watu ambao hata hawakujua kwamba tulifika.

Tunalieleza hili kwa sababu mtafiti atakapowaambia, "Msiwe na wasiwasi, hatuandiki majina," atakuwa amesema kweli, lakini hajawajibu. Muulizeni anaandika nini badala ya jina. Mke anaweza kuachwa kwa habari iliyovuja. Msichana anaweza kuacha shule. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kukatiza dawa kwa kuogopa kuonekana akizichukua. Wa mwisho huyu sheria ilimkumbuka mahsusi: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inaagiza majibu ya kipimo chake yatunzwe kwa siri.

Utafiti uanze kwa njia gani

Dunia haikufika kwa urahisi kwenye kanuni za kumlinda anayetafitiwa. Katika mji wa Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa. Rekodi zao zilitunzwa vizuri, lakini wao wenyewe hawakutunzwa. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikuwa wamekwisha kutoa Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, na bado jambo lile liliendelea kwa miaka minane. Kanuni iliyoandikwa haimlindi mtu asiyejua kwamba ipo. Ndiyo sababu tumekuja.

Kwa Tanzania, utafiti wa afya haupaswi kuanza kituoni. Huanza na andiko: swali ni nini, habari zipi zitakusanywa, nani atazisoma, zitatunzwa wapi, zitafutwa lini. Andiko hilo hupelekwa mbele ya kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya. Vyuo na hospitali kubwa nazo zina kamati zao. Mtafiti anayetoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Akiisha kupata idhini hizo, hupita mkoani na halmashauri, kisha huripoti kwa viongozi wa kata na kijiji kabla ya kubisha hodi kwa mganga mfawidhi.

Juu ya hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Sheria hii inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, yaani zile ambazo zikivuja humdhuru mhusika kuliko nyingine. Kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Utafiti wa kisayansi umewekewa nafasi yake, lakini kwa masharti. Sheria inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinakusanywa kwa kusudi gani, kuziona, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Imeunda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya mwananchi.

Hapa tuweke wazi jambo ambalo huleta ugomvi. Mtafiti akitaka kukuhoji, lazima akuombe ridhaa wewe mwenyewe. Lakini zipo tafiti za vitabu vya nyuma, ambazo wahusika wake wengine wamekwisha kuhama au kufariki. Kwa tafiti za namna hiyo, kamati ya maadili yaweza kuruhusu kazi ifanyike bila kumtafuta kila mmoja, ikiwa habari zitakazotoka zimefichwa vya kutosha. Kwa hiyo msimkamate mtafiti kwa kuwa tu hamkuulizwa mmoja mmoja. Mwombeni aonyeshe idhini ya kamati, na msome imemruhusu nini. Idhini ya kuhesabu haimruhusu kupiga picha ukurasa kwa simu.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa desturi ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe mwenye umri wa kuelewa huulizwa kama anakubali. Mzazi asikubali kwa niaba ya mtoto anayetikisa kichwa kukataa.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu kwa mgeni. Mtafiti mwema hufurahi kuulizwa, kwa kuwa maswali yenu humwonyesha mapengo ya andiko lake angali na muda wa kuyaziba. Tunawaomba myashike haya saba.

1. Unatafuta jibu la swali gani, na jibu hilo litatusaidiaje sisi au wengine? Asiyeweza kulieleza swali lake kwa Kiswahili cha kawaida, na arudi akalifikiri.

2. Idhini ya kamati ya maadili iko wapi, na inakwisha lini? Karatasi ina tarehe. Itazameni.

3. Utachukua habari zipi, na kila moja unaihitaji kwa sababu gani? Habari isiyojibu swali isichukuliwe.

4. Mtu wa hapa akisoma karatasi yako, ataweza kututambua? Mwombeni aonyeshe mfano wa mstari mmoja alioubuni mwenyewe.

5. Nani mwingine ataona habari hizi, na zitakaa wapi? Kompyuta yenye neno la siri si sawa na karatasi katika begi, na simu ya mkononi si mahali pa kutunzia rejista.

6. Nikikataa, au nikikubali kisha nikabadili nia, itakuwaje? Jibu sahihi ni moja tu: matibabu yako yataendelea kama kawaida. Anayekwambia kwamba usipotia saini hutapata dawa amevunja maadili, na huyo ashitakiwe.

7. Utarudi lini kutuambia ulichokipata?

Swali la saba tumeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalosahaulika. Watafiti wengi hufika, huandika, huondoka. Kazi yao husomwa katika kumbi za mbali, na kijiji kilichotoa habari hubaki kikikisia. Muagizeni mtafiti, tangu siku ya kwanza, aje kusoma matokeo mbele ya mkutano wa kijiji. Andikeni ahadi hiyo katika muhtasari wa mkutano, na mtendaji autunze.

Wahudumu wetu, nanyi mna sehemu

Wauguzi na waganga mliopo hapa, tunajua mzigo wenu. Mnajaza vitabu vingi huku foleni ikisubiri. Mtafiti anapokuja na barua yenye mihuri, ni rahisi kumpa ufunguo wa kabati na kuendelea na kazi. Tunawasihi msifanye hivyo. Kitabu kisomewe palepale kituoni, mbele ya mmoja wenu. Kisitoke kwenda nyumba ya wageni hata kwa usiku mmoja. Mkiona andiko halilingani na anachokifanya mtafiti, msimamisheni na mmjulishe mganga mkuu wa wilaya. Mtakuwa mmefanya kazi mliyoapa kuifanya.

Nanyi watumiaji wa huduma, mna wajibu wenu. Andikisheni jina moja lilelile kila mnapokwenda. Tunzeni kadi ya kliniki, na mnapohama mwalo hama nayo iwe mfukoni, isibaki kwenye dari. Semeni umri wa kweli. Utafiti ulio bora haupatikani juu ya vitabu vyenye majina ya kubuni, na mwenye hasara ya kwanza ni mgonjwa ambaye tabibu hakuweza kuiona historia yake.

Ndugu wananchi, hatukuja kuwafundisha kuogopa, wala hatukuja kuwashawishi kukubali kila anayebisha. Mama yule aliyeandikwa katika kitabu namba 6 na asionekane katika kitabu namba 12 anahitaji mtu amtafute. Anahitaji pia kwamba anayemtafuta asimwanike. Mambo hayo mawili hukutana mahali pamoja tu, nako ni mwanzoni, kabla kitabu hakijafunguliwa, wakati swali lingali kwenye karatasi na ninyi mngali na nafasi ya kuuliza.

Anayefika baadaye kulalamika hukuta karatasi zimekwisha kusafiri.

 Sasa ni zamu yenu. Tuulizeni kama vile mtakavyomuuliza yeye, na mwanzeni na swali la saba: ndiyo, tutarudi.